Bonge, Wastani na Kadogo Wanatafuta Zohali

Tumpe anakaa Tukuyu, kwenye baridi na migomba.

Nyumbani kwao kuna darubini. Ndefuuu! Ni ya Mjomba Ambakisye. Mjomba amesafiri, kamwachia Tumpe aitunze.

Kamwachia pia lenzi tatu ndani ya soksi. (Soksi safi. Tumpe aliinusa kwanza.)

Lenzi ni kioo cha kuwekea jicho. Tumpe kazipa majina. Ile nene ni Bonge. Ya katikati ni Wastani. Ile ndogo kabisa ni Kadogo.

"Kadogo ndiye mwenye nguvu!" husema Tumpe. "Anakuza vitu kuliko wenzake wote!"

Leo Bibi yupo. Bibi katoka Kyela, kwenye joto. Kavaa masweta matatu na blanketi juu. Yanaonekana macho tu.

"Bibi, nitakuonyesha Zohali," alisema Tumpe. "Ni sayari. Ina pete!"

"Pete?" Bibi alishtuka. "Kaolewa na nani? Siamini mpaka nimwone!"

Kesho asubuhi Bibi anarudi Kyela. Ni leo au basi!

Jua limezama. Kule bondeni, ukungu umeanza kupanda. Nyatu, nyatu, nyatu. Ukifika hapa, mbingu yote itafunikwa.

Haraka! Wakatoa darubini uwanjani. Tumpe akamchukua Kadogo.

*Chomeka, kle!*
*Zungusha, kriii!*
*Chungulia...*

Mwezi! Mwezi ni mkubwa. Kadogo aliupata upesi.

"Una mashimo kama chapati," alisema Bibi. "Mzuri. Lakini mwezi nimeuona tangu sijaota meno, na sasa meno yanaisha. Nataka mwenye pete!"

*Zungusha, kriii!*
*Chungulia...*

Giza.

*Zungusha, kriii!*
*Chungulia...*

Giza tupu.

"Labda kaenda dukani," alisema Bibi.

Nyatu, nyatu, nyatu. Ukungu umefika kwa jirani.

Macho ya Tumpe yakajaa machozi. Bibi ataondoka bila kuona pete!

Mara, kokokoko-KWAA! Kuku wa Bibi kachomoka kwenye kapu! Kuku mweupe, zawadi ya kwenda nayo Kyela!

Tumpe akapiga magoti. Akachungulia chini ya ndoo. Hayupo. Akachungulia ndani ya kiatu cha Bibi. Hayupo.

Bibi akacheka mpaka blanketi likadondoka.

"We mke mwenzangu!" alimtania. "Kuku gani analala kwenye kiatu? Hebu simama hapa mlangoni. Tazama uwanja wote kwanza!"

Tumpe akasimama mlangoni. Akatazama uwanja wote.

Kitu cheupe kileee! Pale kwenye mgomba!

Akasogea. Taratibu... taratibu... Kamata!

Tumpe akabaki kamkumbatia kuku, mdomo wazi.

"Bibi! Kumbe nilikuwa nachungulia kiatuni!"

"Nilikuona."

"Hapana, Bibi, kule juu! Kadogo anaona kisehemu kidogo tu, kama ndani ya kiatu. Bonge ndiye anayeona uwanja wote! Shika kuku!"

Tumpe akamtoa Kadogo. Akamchukua Bonge.

*Chomeka, kle!*
*Zungusha, kriii!*
*Chungulia...*

Kitone cha dhahabu! Tumpe akakisogeza katikati kabisa.

"Hii ni punje ya mchele," alisema Bibi. "Kwetu imejaa!"

Basi Tumpe akamrudisha Kadogo.

*Chomeka, kle!*
*Chungulia...*

Punje imekuwa kubwa! Lakini haikuonekana vizuri. Kadogo kaikuza mno. Ilicheza, ikatetemeka.

"Maskini, anasikia baridi kama mimi," alisema Bibi. "Mpe sweta!"

Nyatu, nyatu, nyatu. Ukungu umefika kwenye mgomba.

Tumpe akaingiza mkono ndani ya soksi. Akamtoa Wastani.

*Chomeka, kle!*
*Chungulia...*

Bibi akanyamaza.

Bibi hanyamazagi! Hata kuku akamtazama.

"Tumpe," Bibi akanong'ona. "Anayo. Anayo pete kweli."

Kisha akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Hongera, Zohali! Hongera, mwanangu! Lililililili!"

Tumpe naye akachungulia. Pete ilikuwa hapo, nyembamba, inang'aa.

Halafu, fuuu! Ukungu ukafunika kila kitu.

"Umechelewa!" Tumpe akauambia.

Wakaingia ndani. Kuku akarudi kwenye kapu. Bonge, Wastani na Kadogo wakarudi kwenye soksi. Tumpe akapanda kitandani.

Bibi akavua sweta moja, akamfunika nalo. Akazima taa.

"Tumpe?"

"Mmh?"

"Hiyo harusi ilikuwa lini? Mbona sisi wa Kyela hatukualikwa?"



Khooo... fyuuu. Khooo... fyuuu.

Tumpe alikuwa amelala, anatabasamu.