Viazi Vilivyoamshwa Mapema

Kila asubuhi kabla ya shule, Nilda na Rosaura walipanda ngazi ya mawe hadi ghalani, kila mmoja kukagua rundo lake la viazi vya mbegu. Walitoa vilivyooza, wakafunika vizima kwa nyasi kavu, kisha wakatandaza juu majani ya munya. Majani hayo hunukia kama nanaa, na watu wa Kolpapampa, kijiji chao cha milimani, huyatumia kufukuza wadudu na kuzuia viazi visichipue kabla ya wakati.

Rosaura hakuzaliwa katika nyumba ile. Mama yake alikwenda pwani kufanya kazi kwenye mashamba ya zabibu, akamwacha kwa dada yake, Mama Fortunata, ambaye ndiye mama yake Nilda. Alipofika, Nilda alifurahi kwa wiki moja hivi. Baada ya hapo ikawa kila kitu ni Rosaura. Rosaura anasokota sufu nyembamba. Rosaura hasahau kuwapa simbilisi majani. Hata baba yake Nilda, Baba Anselmo, mtu mgumu wa kusifu, alisema supu ya Rosaura imekolea chumvi. Nilda alikuwa amepika supu ile miaka miwili na hakuna aliyewahi kuitaja chumvi yake. Roho ilimuuma sana.

Kisha likaja suala la kupanda. Kolpapampa wanaume huchimba kwa jembe la mguu, linalokanyagwa ili lizame ardhini, na mwanamke huinama mbele yao akiweka mbegu ardhini. Mwaka ule Mama Fortunata aliumwa mgongo.

"Mmoja wenu ataweka mbegu badala yangu," alisema wakati wa chakula. "Nitatazama nani ametunza vizuri."

"Tumeshamjua," Baba Anselmo alicheka, akamwangalia Rosaura.

Nilda aliweka kijiko chini. Kuweka mbegu mbele ya kijiji kizima ni kuhesabiwa mtu mzima, naye aliitamani siku hiyo tangu utotoni.

Wiki hiyo Mwalimu Edelmira alipasua kiazi darasani.

"Kiazi kikivunwa hulala," alisema. "Ndani yake mna protini za aina nyingi. Zipo zinazosaidia kuyazuia macho yake yasichipue. Nyingine ni akiba, chakula alichowekewa mtoto. Wakati ukifika, zile za kuzuia hupungua, na zile za akiba huvunjwavunjwa ili kulisha chipukizi. Sasa, tukikiamsha mapema kwa joto?"

"Chipukizi litakula akiba kabla ya kufika shambani, Mwalimu," alijibu Rosaura.

"Vizuri sana, binti."

Jibu lile lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Nilda. Alimtupia mwenzake jicho la husuda, na hapo hapo wazo baya likamwingia.

Likizo ilipofika, Rosaura alikwenda pwani kumwona mama yake. "Dada, niangalizie viazi vyangu," aliomba. Nilda akaitikia. Basi lilipoondoka tu, aliyatupa majani ya munya yaliyofunika viazi vya Rosaura, akavipandisha kwenye dari ya jikoni, penye joto na giza. Mama Fortunata hakuweza kupanda huko wala ghalani kwa sababu ya mgongo. Vilikaa darini likizo nzima. Siku moja kabla ya Rosaura kurudi, Nilda alivirudisha ghalani na kuvifunika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku ya kukagua, vikapu viwili viliwekwa uani. Viazi vya Nilda vilikuwa vigumu, macho yake ndiyo kwanza yanaanza kuvimba. Vya Rosaura vilikuwa vimenywea, vimetoa machipukizi meupe marefu yaliyokatika kila yalipoguswa.

"Labda munya wangu ulikuwa mkavu mno, mama mkubwa," alisema Rosaura.

"Au ulijisahau," Baba Anselmo alisema. "Basi, Nilda ataweka mbegu."

Nilda alisikia utamu moyoni, lakini haukudumu.

"Haya, badilishaneni," alisema Mama Fortunata.

Kolpapampa hakuna apandaye mbegu aliyoitunza mwenyewe. Wanasema mbegu huuchoka mkono mmoja, kwa hiyo nyumba hubadilishana. Nilda aliijua desturi hiyo, lakini alidhani ni ya nyumba na nyumba, si ya wasichana wawili wanaolala chini ya paa moja.

"Vya Nilda vitakwenda kwenye shamba aliloliacha hapa mama yake Rosaura," Mama Fortunata aliendelea. "Vya Rosaura ndivyo vyetu. Nilda, utaviweka hivyo hivyo, tutakula tutakachojaliwa."

"Hapana, mama mkubwa," Rosaura alisema. "Chukueni vya Nilda. Shamba la mama lipumzike tu mwaka huu."

Nilda aliona haya hadi masikio yakamwaka.

"Munya haukuwa na kosa," alisema. "Ni mimi. Niliviweka darini."

"Mchimba shimo huingia mwenyewe," Baba Anselmo alinong'ona.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Mama Fortunata.

"Kila mnachosema ni Rosaura. Mimi je?"

"Nilikuomba uniangalizie," Rosaura alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kazi ya kurekebisha ikawa ya Nilda. Alivichambua viazi vyote, akayaondoa machipukizi meupe, akavitandaza vile vilivyobaki vigumu chini ya upenu penye mwanga ili vitoe machipukizi mapya, mafupi na manene. Vilivyonywea alivitupa kwenye mbolea. Ili kufidia pengo, alikwenda kwa majirani kuomba mbegu, na kwa malipo akawachungia kondoo. Kupanda kukasogezwa mbele.

Jioni moja Mama Fortunata alikaa karibu naye chini ya upenu.

"Baba yako na mimi tulisifu upande mmoja. Tumekosa, na tutajirekebisha," alisema. "Lakini nawe sikia. Viazi hivi vilikula akiba yao gizani bila faida. Na wivu nao hula akiba ya mtu vivyo hivyo. Ungezitumia nguvu zile kutunza vyako tu, ungekuwa umeshinda bila kumdhuru mtu. Likikuuma jambo, liseme. Usilifiche likachipua."

Siku ya kupanda, Rosaura ndiye aliyeweka mbegu, na Nilda akamfuata na kikapu. Wanawake waliokaa kando ya shamba walisema binti yule ana mkono mwepesi. Kijicho kikamchoma Nilda, kama zamani.

"Naona wivu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nakwambia kabla sijafanya ujinga mwingine."

Rosaura hakucheka wala hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na Nilda akachagua kiazi kizuri kuliko vyote kikapuni, akamwekea.