Bei ya Kwanza Ndiyo ya Mwisho

Mimi naitwa Mama Kwa Nini. Jina hili nimepewa na majirani. Wanasema nikimwona mtu anachimba shimo, lazima nisimame nimwulize la nini. Ni kweli, wala sijutii.

Mume wangu ni fundi wa vitofali vya saruji, vile vya kutandaza barabarani. Tunavifyatulia uani kwetu. Asubuhi yeye anachanganya mchanga na saruji, mimi navimwagilia maji vya jana visipasuke. Wakati ule vilijaa mpaka mlangoni, wateja hakuna. Mara mbili tuliomba zabuni ya halmashauri, yaani tuliandika bei yetu ili tushindanie kazi ya kujenga barabara. Mara mbili tulikosa.

Siku moja tukila, mume wangu akasema, "Nimepata mtu wa kununua mashine ya kufyatulia. Mwezi ujao ukiisha anaichukua. Nitatafuta kazi ya kuajiriwa."

Nikasukuma sahani pembeni. Bila mashine ile, kazi yetu imekwisha.

"Na barabara ya zahanati?" nikamwuliza. "Si wametangaza zabuni juzi?"

"Potelea mbali! Wana watu wao hao."

"Umejuaje? Uliwahi kuwauliza kwa nini tulikosa?"

"Mama we, umeanza! Mtu akikukataa, unamfuata kumwuliza kwa nini? Huna aibu?"

Aibu sina. Biashara imeandikishwa kwa majina yetu sote wawili. Kesho yake nilikwenda halmashauri.

Afisa wa manunuzi alikuwa dada mmoja mwenye miwani, meza imejaa mafaili. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Umekuja kulalamika, mama?"

"Nimekuja kuuliza."

"Ehee! Basi kaa. Wengi huja kugomba."

Akatafuta fomu yetu ya mwaka jana, akaiweka mbele yangu. "Soma hapo, chini ya bei."

Mwandiko wa mume wangu naujua. Alikuwa ameandika: "Maelewano yapo."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hata yule dada alishindwa kujizuia.

"Lakini dada, si ndivyo tunavyouza? Unataja bei kubwa, mteja anavuta chini, mnakutana katikati."

"Sokoni sawa. Huku hakuna kukutana katikati. Bahasha zote zinafunguliwa siku moja, mbele ya walioomba. Bei zinasomwa kwa sauti. Tukikuita wewe pembeni upunguze, wenzako si watasema tumewaonea?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bei ya kwanza ndiyo ya mwisho. Yenu ilikuwa kubwa, tena kwa maneno haya hatukujua mnataka kiasi gani hasa. Tukaiweka kando. Na ile ya kwanza ilikuwa hivihivi."

"Basi safari hii tuandike ndogo kuliko wote?"

"Hapana! Ukiandika ndogo mno, utaiacha kazi nusu. Nendeni mkaione barabara. Mpime. Mkiwa na swali, leteni barua kabla ya tarehe ya mwisho. Tutajibu, na jibu hilo tutawapelekea wote wanaoomba."

"Hata kama swali ni langu peke yangu?"

"Hata kama ni lako. Wote washindane wakijua jambo lilelile."

Hilo lilinifurahisha sana. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

Mume wangu akaja juu. "Nitaje bei ya mwisho mwanzoni? Wakiipunguza nitabaki na nini?"

"Hawapunguzi."

"Kila mtu anapunguza!"

Nikamwonea huruma. Miaka ishirini na miwili watu wanamvuta chini kila anapotaja bei. Haukuwa ubishi, ilikuwa hofu.

Hata hivyo alikubali twende. Tulipima barabara nzima, mimi nimeshika mwisho mmoja wa tepu, yeye mwingine. Mbele ya zahanati maji yalikuwa yamesimama njia nzima. Mume wangu akachuchumaa.

"Hapa bila mtaro, vitofali vitatitia mvua ya kwanza tu," alisema. "Mbona kwenye karatasi zao sijaona mtaro?"

"Waulize."

Akaandika barua mwenyewe. Jibu likaja: mtaro umo katika kazi. Tukapiga hesabu ya mchanga, saruji, vibarua, mtaro, na faida ya haki. Akaandika bei. Kisha kalamu ikabaki hewani.

"Niongeze kidogo tu, cha kuvutwa?"

"Avute nani?"

Akaguna, akaifunga bahasha.

Siku ya kufungua tulikaa mstari wa mbele. Bahasha zilikuwa tano. Ya nne ilikuwa na bei ndogo kuliko yetu. Mume wangu akaninong'oneza, "Si nilikwambia?" Lakini afisa akatangaza kwamba kusoma bei si mwisho. Bado watakagua kama kila mmoja ameweka kazi yote.

Wiki tatu tulingoja roho juu. Mwenye kutaka mashine alikuja mara mbili kuichungulia. Ndipo barua ikafika. Yule wa bei ndogo hakuweka mtaro, ingawa jibu alitumiwa kama sisi. Kazi tumepewa sisi.

Mume wangu hakushangilia. Alifuata mistari kwa kidole mpaka kwenye bei. Akairudia tena.

"Ni ileile," alisema. "Hawajapunguza hata senti."

Akakaa juu ya vitofali, machozi yakamtoka. "Mke wangu, miaka yote hii. Leo ndiyo mara ya kwanza nataja bei yangu na mtu anasema sawa."

Nikakaa karibu naye, nami nikalia. Baadaye alijifuta uso, akampigia simu yule mnunuzi kumwambia mashine haiuzwi.

"Ngoja kwanza," yule mtu akasema, "nikuongezee kidogo."

"Haiuzwi, ndugu yangu. Nina barabara ya kujenga."