Nenda Tu, Utapendeza

"Nataka tuachane."

Mwalimu alisema hivyo akiwa amempa mumewe mgongo, mikono ndani ya beseni la vyombo, maji ya bomba yakimwagika. Miezi minane alikuwa amelibeba neno hilo kifuani. Alikuwa amepanga kulitamka huku akimtazama usoni, lakini nguvu zikamwishia njiani.

Nyuma yake, mezani, Fundi alikunja gazeti.

"Sawa, mke wangu," akajibu kwa upole. "Nenda tu. Utapendeza."

Sahani ikamteleza Mwalimu. Alipogeuka, mume wake wa miaka thelathini na sita alikuwa anatabasamu. Akachukua kofia yake iliyojaa vumbi la unga, akatoka kwenda kwenye mashine yake ya kusaga nafaka kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Mwalimu hakulia. Ukifika miaka sitini na moja, hata machozi yanataka maandalizi. Alipanga nguo chache kwenye begi, magoti yakimlalamikia kila alipoinama, akaenda kwa mdogo wake wa kike mwenye saluni upande wa pili wa mji.

"Alisemaje?" Msusi aliacha kitana hewani.

"Utapendeza."

"Utapendeza?"

"Ndiyo. Kama vile naenda harusini."

"Dada, huyo ana mtu."

"Mtu gani, mdogo wangu? Mwanamume anasinzia saa moja jioni na kijiko mkononi. Huyo mwanamke atampata saa ngapi?"

"Basi amekuchoka."

"Hapo sasa umesema." Mwalimu aliketi kwenye kiti cha wateja, akajiangalia kwenye kioo, akageuza uso. "Zamani tulikuwa tunaongea mpaka chai inapoa. Miaka miwili hii, nikisema neno, 'ee'. Nikiuliza, 'haya'. Mwezi uliopita nilimwambia rafiki yangu wa chuo, yule niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu, amefariki. Unajua alinijibu nini? 'Vizuri sana, msalimie.'"

Msusi akaweka kitana chini.

Jioni ile Mwalimu alipiga simu.

"Mume wangu, kweli umekubali kirahisi hivyo? Miaka yote hii?"

Kimya. Sauti ya Fundi ikaja, yenye haraka: "Ee. Haya, haya. Salama kabisa." Simu ikakatwa.

Hazikupita dakika tano, ujumbe ukaingia: *Mke wangu umefika salama? Mtandao mbaya. Nimeunguza wali lakini nimekula hivyohivyo. Usisahau kupaka dawa magotini, nilikuwekea tangu jana mfuko wa mbele wa pochi.*

"Ananidhihaki," Mwalimu akasema.

Msusi alichukua simu, akausoma ujumbe mara mbili. "Aliyekuchoka anakumbuka magoti yako?"

"Mazoea tu. Hata ng'ombe analikumbuka zizi."

Siku tatu zilipita hivyo: simu zikikatwa, ujumbe ukiingia. Siku ya nne Msusi alifunga saluni, akavaa viatu vya kwendea ugomvi, akaenda mpaka kwenye mashine.

Mota ilikuwa imezimwa. Fundi alikuwa amechutama, mgongo mlangoni, anakaza nati za mkanda.

"Shemeji!"

Kimya.

"Shemeji, leo nimekuja kukupa vidonge vyako! Mzee mzima huna haya! Dada yangu amekupa ujana wake wote, anakuambia muachane, unamwambia atapendeza?"

Fundi aliendelea kukaza nati. Alikuwa anapiga mluzi.

Msusi alijiandaa kwa matusi, hakujiandaa kwa mluzi. Kwa hasira akachukua mfuniko wa debe, akaubwaga kwenye sakafu. Mteja aliyekuwa anasubiri nje aliruka. Fundi hakutikisika. Alishtuka tu kivuli cha Msusi kilipomfikia mikononi.

"Aa, shemeji! Karibu. Vipi dada yako, nywele zimetoka vizuri?"

"Nywele gani?"

"Nzuri, nzuri," akajibu Fundi.

Msusi akarudi hatua moja. Akaziba mdomo kwa kiganja kama anayekohoa, akasema kwa sauti ya kawaida: "Shemeji, nyumba yako inaungua."

"Sawasawa," Fundi akatabasamu. "Nitapita jioni."

Kiganja kikashuka chenyewe. Msusi alimsogelea, akamtazama usoni, akasema polepole: "Husikii. Tangu lini?"

Tabasamu la Fundi likazimika. Akafuta mikono kwenye suruali, muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

"Miaka miwili. Labda mitatu. Ilianza kidogokidogo. Kwanza ndege, halafu simu, halafu yeye."

"Kwa nini hukusema?"

"Shemeji, mimi nilikuwa nikiusikia mkanda uliolegea nikiwa ng'ambo ya barabara. Jina hili la Fundi nililipata kwa masikio haya. Sasa naweka kiganja juu ya mota nione inatetemekaje. Na dada yako kichwa chake bado wembe. Nikimwambia kila saa 'rudia, rudia', ataniona mzee."

"Wewe ni mzee."

"Najua. Sikutaka yeye ajue."

Msusi akatoa simu, akaandika: *Dada, mumeo hakukubali kuachana. Hakusikia. Njoo kwenye mashine.*

Mwalimu alifika akiwa hoi, akashika ukingo wa mlango kupumzika. Fundi akampangusia vumbi gunia moja ili akae. Hakukaa. Alisimama mbele yake, macho kwa macho.

"Siku ile nilikuambia nataka tuachane."

Fundi aliifuata midomo yake kama mtoto anayesoma ubaoni. Alipofika mwisho wa sentensi, uso ukamwanguka.

"Tuachane?"

"Ndiyo."

"Mimi nilisikia 'chane'. Nikajua unakwenda kuchana nywele kwa mdogo wako, ukae naye siku chache."

Msusi aliangua kicheko, akajiziba uso, kicheko kikageuka kilio. Mwalimu hakucheka.

"Na rafiki yangu? Nilipokuambia amefariki?"

"Amefariki?" Fundi akashika kichwa. "Nilidhani umesema amefika."

Hapo ndipo Mwalimu alipokaa kwenye gunia.

"Nisamehe, mke wangu."

"Kosa lako si masikio," Mwalimu akasema. "Masikio ni umri, hata mimi siku hizi nasahau majina ya watoto niliowafundisha miaka saba. Kosa lako ni kunijibu 'sawa' kwa mambo usiyoyasikia. Miaka miwili nimeishi peke yangu ndani ya nyumba ya watu wawili."

"Nilichoka. Zamani maneno yalikuwa yanaingia yenyewe. Sasa nayakimbiza. Nikilikamata moja, matatu yameshapita. Jioni ikifika kichwa ni kama kimebeba magunia. Ndiyo maana nasinzia mezani."

Mwalimu alimtazama sana. "Sijalifuta neno langu. Nimeliweka pembeni tu. Kesho kutwa twende hospitali, kisha nitajua narudi au sirudi."

Mtaalamu wa masikio alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Alimpima Fundi kwa muda mrefu, kisha akawakalisha wote wawili.

"Baba, sikio la kijana lina vinywele vidogo ndani, ndivyo vinavyoshika sauti. Umri unavipunguza, na kelele za mashine zimevimaliza mapema. Sikio likileta nusu ya neno, ubongo unakisia nusu iliyobaki. Na ubongo wa mtu mzima unakisia polepole kuliko wa kijana. Ndiyo maana unachoka."

Akamvalisha kifaa kidogo cha kusikilizia nyuma ya kila sikio.

"Haya mama, zungumza naye. Sauti ya kawaida tu."

Mwalimu, ambaye alikuwa amepanda ngazi za ghorofa mbili, alifungua mdomo. Fundi akainua mkono.

"Subiri. Hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Hiyo inayovuma. Fyuu, fyuu." Aliangalia feni, feni ilikuwa imezimwa. Akaangalia dirisha. Kisha taratibu akamwinamia mkewe. "Ni wewe. Unahema hivyo tangu lini?"

Mwalimu aliangalia sakafu.

"Tangu mwaka juzi. Nikipanda ngazi, na nikilala chali."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ya tatu nikachoka."

Fundi alimgusa bega. Akasimama, akachukua pochi ya mkewe, akaitundika begani mwake bila aibu.

"Binti yangu, daktari wa moyo yuko wapi?"

"Chini kabisa, baba. Mkono wa kulia."

Walishuka ngazi moja moja, yeye amemshika kiwiko, wakisimama kila Mwalimu aliposimama.

"Sijasema narudi," Mwalimu akasema katikati ya ngazi.

"Nimesikia."

Moyo wa Mwalimu ulikutwa umechoka, lakini haujaharibika; akapewa dawa za kumeza kila asubuhi. Alirudi nyumbani kwa mumewe Jumamosi. Siku hiyo hawakuongea sana. Walikaa sebuleni wakiwa wametazamana, mmoja amechoka kusikia, mwingine amechoka kuhema, na kabla jua halijazama wote wawili walikuwa wamesinzia.