Mafuta ya Ukutani

Kalenda ilikataa kukaa ukutani. Konsolata aliibandika asubuhi kwa uji wa ngano, na mchana akaikuta sakafuni, imelala kifudifudi, mgongo umelowa. Akachukua msumari. Uliingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu, bila nyundo, na alipouchomoa ukatoka unang'aa. Nyuma yake tunduni likafuata tone moja la manjano, zito, likateremka polepole mpaka chini.

Alilinusa. Samli. Samli iliyooza, yenye harufu ya kwato na ngozi mbichi, na utamu fulani wa asali iliyochacha unaobaki kooni hata ukitema mate mara kumi.

Hii ilikuwa nyumba namba tisa, katika mistari ya nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, kwenye tambarare chini ya Mlima Hanang. Bura, mume wake, aliendesha kombaini, na majira ya mavuno alilala hukohuko shambani wiki nzima. Konsolata alikuwa ametoka kwao Bashay na mtoto wao wa kwanza, Joakimu, mgongoni, akimshukuru Mungu kwa bati na sakafu ya saruji. Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mafuta ya kula watu walikuwa wanayasimulia tu. Maharage yalichemshwa na chumvi, yakaliwa hivyohivyo. Sasa hapa kuna ukuta unatoa mafuta bure! Tuseme ukweli, siku ile ya kwanza Konsolata alilitazama tone lile akawaza kikaango. Kisha akaona unywele mweupe umenasa ndani yake, akakimbilia nje kutapika.

Mambo yote ya nyumba yalikuwa mikononi mwa Bwana Nikolausi, afisa nyumba. Mtu msafi sana huyo. Kola nyeupe, viatu vya kung'aa, na ofisi karibu na geti ambako alisimamia nyumba sitini bila kukanyaga hata moja. Mpangaji alisimama juani, akasemea dirishani.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba. Namba?"

"Tisa. Ukuta wa chumbani unatoa mafuta. Unanuka."

"Unyevu," alisema Nikolausi akiandika.

"Siyo maji, afisa. Ni mafuta. Yana nywele ndani."

Nikolausi aliinua macho, akamtazama kama anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. "Mama, fomu hii ina bati, mlango, dirisha, choo na unyevu. Nywele hazimo. Naandika unyevu."

Akaja fundi na chokaa. Siku ya tatu chokaa ikabanduka yote kwa mkupuo, ikaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua, na nyuma yake ukuta ulikuwa unatoka jasho. Fundi akarudi, akapaka, ikabanduka. Akarudi tena. Mara ya nne haikuja chokaa, ilikuja barua yenye muhuri: mpangaji anaelekezwa kupunguza kukaanga ndani ya nyumba. Kukaanga! Mwaka ule! Konsolata alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka kuwa kilio cha hasira, maana kufikia hapo alikuwa ameanza kusikia sauti.

Zilikuja alasiri, upepo ukitulia. Mtu mzima anasafisha koo ndani ya matofali. Kisha anatafuna, taratibu, kwa mdomo usio na meno. Majirani walisema ni jini, wakaacha kuja kuomba moto. Konsolata alisali rozari akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Halafu siku moja alitoka bombani na ndoo kichwani, akaingia chumbani alikomwacha Joakimu amelala mkekani, akakuta mkeka mtupu, na mtoto yule wa miezi tisa, aliyekuwa hajaweza hata kusimama, amesimama wima amejishikilia ukutani kwa viganja vyote viwili, macho ameyafumba kwa raha, ulimi umetoka wote, anaulamba ukuta toka kifuani mwake mpaka juu alikofika, anameza, anahema, anaulamba tena, na kila anapoulamba ukuta unamtolea mengine, mazito, ya uvuguvugu, yanamchuruzika kidevuni mpaka kitovuni, na ndani ya matofali yule mzee asiye na meno anaguna kwa kuridhika. Ndoo ilianguka. Konsolata alimng'oa mtoto pale ukutani, na midomo ikaachia kwa sauti ya kiatu kinachotoka kwenye tope.

Tangu siku hiyo Joakimu alikataa ziwa. Alilinusa, akageuza uso kama mtu mzima aliyeletewa chakula kilicholala. Na alinenepa. Alinenepa mpaka shingo ikazama, mikunjo ya mapaja ikawa inateleza, na kinyesi chake kikaganda juu ya maji. Kliniki muuguzi alimpandisha kwenye mzani akapiga makofi. "Akina mama, mwigeni huyu!" Konsolata alishika kadi, akajisikia aibu mpaka miguuni. Alikuwa amembeba mwanawe lakini aliyenuka mgongoni mwake alikuwa mtu mwingine.

Alimkimbiza Bashay kwa mama yake. Siku nne mtoto hakugusa maziwa wala uji. Alipungua akabaki macho, akakwangua kuta za bibi yake mpaka kucha zikatoa damu. Siku ya tano Konsolata alimrudisha, maana vinginevyo angemzika. Mtoto alitambaa moja kwa moja mpaka chumbani. Konsolata aliketi sakafuni akamsikiliza akila.

Kesho yake aliamka kufagia. Karibu kila wiki alikuta vishungi vya majani mabichi nyuma ya nyumba, penye ukuta ule, akavifagia pamoja na takataka. Safari hii alimkuta anayeviweka. Alikuwa mzee wa Kibarabaig, mrefu, shuka begani, ng'ombe wake wachache wakimsubiri barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe unatupa majani yangu?"

"Nilidhani uchafu."

"Uchafu mko nao nyinyi." Mzee aliutazama ukuta. Jina lake Gidamis. "Hapa palikuwa na bung'eda. Kaburi la babu yangu, tulijenga refu kwenda juu, miezi tisa, udongo na mavi ya ng'ombe. Tukamimina asali, tukamimina samli. Halafu ikaja greda, ikaangusha. Fundi wa hizi nyumba akaona udongo wa kaburi unashika vizuri, akafyatulia matofali."

Konsolata alishika mdomo. "Kwa hiyo ni jini kweli?" alinong'ona.

"Jini ni ya watu wa pwani. Huyu ni mzee. Anajua hii ni boma yake, na mtoto wa boma yake lazima ale." Alimtazama Joakimu mgongoni, akatazama pembeni haraka. "Anamlisha."

"Mpaka lini, babu?"

"Mpaka awe wake."

"Nilimtoa. Nilimpeleka kwetu."

"Ulitoka tu. Nani alipokea boma?" Gidamis alishusha sauti. "Mzee haachii hivihivi. Lazima mwingine aingie ndani, aseme kwa mdomo yake: hii nyumba nimepokea, na vyote viko ndani. Hapo ataacha wako, atashika huyo."

"Na huyo, je?"

Gidamis alirekebisha shuka. "Mimi nilienda kwa afisa wenu kabla ya greda. Nilimwambia hapa kuna mzee wetu. Alinipa fomu." Akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka, naye akaondoka nao.

Konsolata alijua ni dhambi. Kisha Joakimu akapiga mbweu shingoni mwake, na harufu ile ikampita puani, akaenda kuchukua jembe.

Aliupiga ukuta wa mbele, wa barabarani, mpaka matofali manne yakaanguka. Akamwambia jirani apeleke habari getini kwamba mpangaji wa namba tisa anabomoa mali ya serikali. Miezi minne Nikolausi hakuja kwa ajili ya ukuta uliokuwa ukimlisha mtoto. Kwa matofali manne alifika kabla ya saa nne, leso puani, kitabu cha makabidhiano kwapani.

"Una wazimu, mama?"

"Nimekosa, afisa. Naomba tukabidhiane niondoke leo. Mume wangu atakuja kukuona."

"Utaondoka, tena sasa hivi." Aliingia chumbani akirukaruka madoa. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ile ya ofisini, maana alipenda sana kusoma kwa sauti. "Mimi, Nikolausi, afisa nyumba, nimeipokea nyumba namba tisa..."

"Na vyote vilivyomo, afisa," alisema Konsolata. "Isije ikasemwa nimeiba."

"Na vyote vilivyomo," alisema Nikolausi, akaegemeza kitabu ukutani, akatia sahihi.

Ukutani kukatokea mguno mmoja mrefu. Joakimu alijikunja mgongoni kwa mama yake, akatapika. Lilitoka donge la manjano lenye nywele, likaanguka sakafuni, likatulia hapo likitoa mvuke. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba cha njaa ambacho Konsolata alikuwa amekisahau. Alitoka mbio mpaka barabarani, akaketi juu ya mzigo wake aliokwisha kuutoa nje, akafungua blauzi. Joakimu alinyonya kwa pupa mpaka ikamuuma, na Konsolata akalia kwa furaha bila kujificha.

Kupitia tundu la ukuta alimwona Nikolausi. Alikuwa anafuta kidole gumba kwa leso, uso ameukunja. Akaitazama leso. Akainusa. Akageuka kuangalia nyuma, kama anayehakikisha hakuna mtu, na ncha ya ulimi wake ikatoka.

Konsolata aligeuza uso. Alisikia kucha zikikwangua, kisha ulimi ukilamba, kisha kuhema. Alikuwa amekwisha kujitwika mzigo aliposikia viatu vikiburuzwa kuja mlangoni. Kidevu cha afisa kiling'aa. Kola ilikuwa ya manjano mpaka kifuani, na unywele mweupe ulimning'inia mdomoni. Alimwita kwa adabu ambayo dirishani haikuwahi kusikika.

"Mama Joakimu," alisema kwa sauti ya chini, "samahani sana, mama. Humu ndani umeacha kijiko?"