Njia Aliyomchorea Magreti

Mama yangu Katarina si mtu wa kutunga maneno. Hili alilisimulia mara chache, akichambua mchele, na kila alipokaribia mwisho mikono yake ilisimama.

Kaka yake, mjomba Damiano, alikuwa na kazi iliyowachekesha watu wa kwetu Kidodi: alitembeza michoro. Serikali ilimpeleka ng'ambo kusomea sinema za michoro, akarudi mwongozaji kamili. Kwanza alipanga hadithi nzima kwa vipicha vidogo kwenye karatasi. Kisha alichora mguu ukikanyaga, na mguu ukinyanyuka. Michoro yote ya katikati, ile inayoufanya mguu uende, aliijaza mkewe Magreti, aliyeijua kalamu tangu shule ya misheni. "Wewe unaamuru tu," alimtania mumewe. "Anayetembea ni mimi."

Masika ya mwaka sabini na nne Magreti akafa kwa homa. Akazikwa nyuma ya nyumba yao mlimani, kwenye udongo mwekundu. Kiangazi kikaja na amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yakabeba watu, kuku na vinu mpaka kijiji kipya kando ya barabara, Mikumi. Makaburi hayapakiwi kwenye lori. Mjomba alilia njia nzima mbele za watu.

Hazikupita siku nyingi, ofisi yake ya Dar ikamwagiza sinema ya kuwatia watu moyo: mwanamke anaaga nyumba ya zamani, anashuka mlima, anaingia nyumba mpya akitabasamu. Mjomba akachora njia aliyoijua, ya kutoka kwake mlimani, na mto wake wa mawe. Na yule mwanamke akampa sura ambayo mkono wake uliijua kuliko zote.

Mchana mmoja alikwenda kwa mama kula. Aliporudi, karatasi za katikati zilikuwa zimeshachorwa.

Kesho yake tena. Akamwita mama. Mama akautambua mkono wa wifi yake, ile mistari myepesi ya pindo la khanga. Akagusa karatasi. Ilikuwa na unyevu. Kidole kikatoka chekundu.

"Kaka," alinong'ona, "sinema hii iache."

"Ameshavuka mto, Katarina."

"Na akifika?"

"Atakuwa amefika nyumbani."

Kilichomuumiza mama ni furaha ya kaka yake. Tangu msiba hakuwa amenyoa ndevu. Siku ile alinyoa.

Sinema ikaisha, ikapelekwa Dar, ikarudi na gari la sinema. Jioni kijiji kizima kikaketi uwanjani mbele ya kitambaa cheupe. Mjomba alivaa shati lake la harusi. Magreti akatokea, akashuka mlima. Watu wakapiga makofi. Akavuka mto. Akaufikia mstari wa nyumba za kijiji, zote za ramani moja.

Hapo mjomba alikuwa amechora mlango ulio wazi. Anaingia, basi.

Hakuingia. Alichungulia nyumba ya kwanza. Akapita. Akachungulia ya pili. Akapita. Makofi yakakoma. Watu walikuwa wameanza kuitambua milango yao. Mtoto akalia, mamaye akamziba mdomo. Magreti akafika nyumba ya mwisho. Ilikuwa ya mjomba. Mlango ulikuwa na kufuli.

Akabisha. Akangoja. Akabisha tena.

Mjomba akashika mfuko wa shati. Ufunguo ulikuwa humo.

"Nimefunga," alimwambia mama polepole. "Katarina, nimemfungia nje."

Akakimbia, mama nyuma yake. Nyuma yao kitambaa kikabaki cheupe.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Udongo wa kijiji kile ni mweusi. Lakini pale chini palikuwa na nyayo mbili nyekundu, za miguu mitupu, sambamba, vidole vikielekea mlangoni. Hazikuwapo za kuja. Hazikuwapo za kurudi. Alipokuwa anabisha, mumewe alikuwa uwanjani akimtazama kwenye kitambaa. Mjomba akafungua mlango, akaketi kizingitini, akamwita mkewe mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi mama alikuja na ufagio. Mjomba akamshika mkono.

"Usifagie. Hajaingia."

Hakuchora tena. Na huko Mikumi, ambako simba hupita mpaka nyuma ya nyumba za watu, mjomba alilala mlango wazi hadi uzeeni, hadi kufa kwake. Hakuingia simba, wala Magreti. Kila masika mvua ilipiga pale mlangoni ikasomba hata mawe. Zile nyayo mbili zilibaki pale pale, mbichi.