Chumba cha Chiriku

Waya wa umeme ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, mbali kabisa na ukuta, na bado kompyuta ililia. Pii, pii, pii. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu, saa saba mchana, jua linawaka. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Milio ile aliijua. Aliisikia siku tatu nyuma, siku aliyoiua mashine ile kwa mikono yake mwenyewe.

Kompyuta yenyewe haikununuliwa dukani. Mumewe, mtunza stoo asiyekubali hata parafujo moja ipotee, aliiunda mwaka mzima juu ya meza ya chakula, mwezi huu feni, mwezi ujao ubao mkuu, mpaka siku ilipowaka akaipangusa kwa leso yake ya sikukuu. Sheria ilikuwa moja tu: mtu asiingie kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani inayotokea kabla mashine haijaamka. Mkewe akaingia. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Aliona mashine imekuwa nzito, akaangalia video ya dakika nne, akataka kumfurahisha mumewe. Akapandisha kasi ya ramu, kumbukumbu ya kazi ya mashine, hadi mwisho, akahifadhi. Kioo kikawa cheusi. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Angesema siku ile ile, mambo yangeishia kwenye kununiana. Lakini mume aliporudi na kuuliza nani ameigusa, mdomo ulitangulia moyo.

"Chiriku ndiye aliyeitumia mwisho."

Chiriku alikuwa dada mdogo wa mume, na jina alilipata kwa kuwa hajui kunyamaza. Alikaa chumba cha uani, akichora ramani za nyumba kwenye kompyuta ile, na ndiyo kazi iliyomlisha. Siku hiyo alinyamaza. Kaka yake alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akamwambia atafute kwingine pa kukaa. Chiriku akafunga begi. Mlangoni alimgeukia mke wa kaka yake.

"Wifi, mimi sijaharibu kitu. Na wewe unajua."

Akaenda zake. Muuguzi alibaki jikoni anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ndiyo maana milio ile ilimtisha. Alijiambia ni uchovu. Kesho yake, saa ile ile, alikuwa anakata vitunguu aliposikia malapa yakiburuta uani, polepole, kwa ule uvivu wa Chiriku ambao walikuwa wakimtania nao, kisha ikaja harufu ya mafuta ya mnyonyo aliyokuwa akipaka nywele, ikapita dirishani na kumzunguka shingoni, na kutoka kwenye kile chumba alichokifunga yeye mwenyewe kwa kufuli ikatoka sauti aliyoizoea kila mchana wakati wa chakula kwa miaka miwili:

"Wifi, umenitengea?"

Kisu kilimponyoka. Akatafuta simu, akampigia.

"Chiriku, uko wapi?"

"Kwa shangazi, wifi. Mbona unanong'ona?"

Na uani, nyuma ya kufuli, sauti ile ile ikarudia taratibu: "Mbona unanong'ona?"

Wauguzi wenzake walimwelekeza kwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, fundi wa kompyuta, ambaye walisema hazikatai hata zile zilizoingiliwa na pepo. Mama yule alikuja kesho yake asubuhi na bisibisi zake kwenye mkoba wa kitambaa. Alifungua boksi, akanyofoa kibetri bapa kama kifungo cha koti, akasubiri, midomo yake ikisoma kitu bila sauti. Akakirudisha, akachomeka umeme. Kioo kikawaka. Saa yake ilionyesha tarehe ya miaka mingi nyuma.

"Imesahau yote, hata leo ni lini," alisema. "Mashine haina kinyongo, mwanangu. Ukitoa betri, kosa linafutika. Michoro ya huyo binti yote imo, haijapotea hata mmoja."

"Kwa hiyo kile kinachoniita uani kimetoka?"

"Kosa limetoka. Hicho kingine hakikuwa humu." Akanusa hewa, akatazama uani. "Kuna chumba kimeachwa kwa uongo. Cha namna hiyo hakikai kitupu. Mlango uliufungua kwa mdomo, utaufunga kwa mdomo. Mwambie mumeo leo, kabla hajatia tonge kinywani."

Jioni mume aliingia, akaona kioo kinawaka, akacheka peke yake kama aliyeokota dhahabu.

"Basi nitampigia Chiriku arudi. Kukosea ni kawaida. Nimeshamsamehe."

Neno hilo lilimchoma mkewe kuliko kofi. Msichana wa watu anasamehewa dhambi ya mwingine. Aliona aibu, aliona haya hata kumtazama mumewe, na chakula kilikuwa tayari mezani.

"Mume wangu, nina jambo."

"Sema."

Akayatazama yale macho yenye furaha, ya kwanza kwa siku nyingi. "Kula kwanza," alisema. "Nitakuambia ukimaliza."

Akala. Tonge la kwanza halijashuka vizuri, malapa yakaanza kuburuta uani, yakaja mpaka nyuma ya mlango, harufu ya mnyonyo ikajaa sebule nzima, na sauti ya Chiriku, laini, yenye machozi ndani yake, ikasema:

"Kaka, ni mimi niliyeiharibu. Nisamehe."

Mume akasimama, uso umelainika. "Umerudi lini, mdogo wangu?"

"Si yeye," mkewe alisema, amemshika mkono. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeingia bayosi, Chiriku hakugusa chochote, nilikudanganya, na huyo aliye nje si Chiriku."

Mume alimpigapiga bega kwa upole. "Usimtetee, mke wangu. Mwenyewe amekiri."

Akatoka uani. Kufuli lilikuwa limelala chini, wazi. Mlango wa chumba ukafungwa nyuma yake, na ndani wakaanza kuongea na kucheka kama ndugu.

Simu ikaita. Chiriku.

"Wifi, kaka hapokei simu. Mwambie mimi sirudi mpaka aliyeharibu aseme."

"Nimesema, Chiriku," muuguzi alijibu, machozi yanamtoka. "Nimesema, na kaka yako hakunisikia. Nimechelewa."

"Hakukusikia vipi? Nani huyo anacheka huko?"

Mlango wa chumba cha uani ulifunguka kidogo tu.

"Wifi, umenitengea?"

Muuguzi akainuka, akaenda kabatini, akatoa sahani ya tatu.