Kimeli Alipokuja Kumwita Mwalimu

Brigid ni jirani yangu hapa mtaa wa Pioneer, na haya aliniambia siku hiyo hiyo yalipotokea. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, Januari ya jua kali. Alikuwa akipakua githeri. Kakake, Mwalimu Johnstone, anayeishi naye, alikuwa ameketi akisahihisha madaftari. Mwalimu alikuwa na siku tisa bila kuonja pombe.

Aliacha kwa sababu ya Kimeli, rafiki yake wa kunywa. Walishiriki chupa moja ya chang'aa, ile pombe kali ya magendo, Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Ijumaa asubuhi Kimeli aliamka akiuliza mbona stima imepotea, na jua lilikuwa linammulika usoni. Sumu ya ile pombe ilikuwa imempofusha, na jioni ikamuua. Tulimzika kwao Chepsaita. Johnstone aliponea chupuchupu, na daktari akatuonya kwamba pombe ikitoka mwilini, mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo.

Kwa hivyo mlango ulipobishwa na Mwalimu akasema, "Ni Kimeli," Brigid hakushtuka.

"Ni yale daktari alisema. Tulia."

"Mwalimu." Sauti ilitoka nje, ya chini. "Toka. Iko chupa ya moto."

Kijiko kilimponyoka Brigid. Daktari hakuwa amesema kwamba hata yeye angesikia.

Alichungulia dirishani. Ploti, ua wetu wa nyumba za kupanga, ilikuwa tupu. Nguo kwa kamba. Jua.

Alipogeuka, kakake alikuwa amekamata kikombe cha maji, maji ambayo Brigid mwenyewe alikuwa amemchotea. Chumba kilinuka chang'aa. Brigid akamnyang'anya kikombe, akawasha kiberiti juu yake.

Maji yakashika moto. Moto wa bluu, bila moshi.

Akafungua jerikeni. Harufu ile ile. Thermos. Ile ile. Hata maji ya kuoshea vyombo.

"Nina kiu, Brigid," Johnstone alinong'ona. "Kidogo tu."

"Hapana."

"Mwalimu," sauti ikaita. "Niko peke yangu huku. Ni giza."

Brigid alimwaga kila kitu. Jerikeni, thermos, beseni. Alikuwa akilia na kumwaga. Kitasa cha mlango kikaanza kuzunguka, polepole, kama kinachopapaswa na mtu asiyeona.

Johnstone akasimama. Brigid akamshika shati, akidhani anaenda. Alijitoa mikononi mwake, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

Hakukuwa na mtu. Ila baridi.

"Kimeli," alisema. Sauti ilikuwa ile ya darasani. "Ulikuwa rafiki yangu. Ile chupa niliileta mimi, na hilo nitalibeba. Lakini sinywi tena na wewe. Si leo, si kesho. Na watoto wa hapa hutawaita, kwa sababu nitawaambia jina lako na vile ulikufa. Enda ulale."



Kisha mtu akavuta pumzi. Karibu na sikio la Brigid. Ndani ya nyumba.

Brigid hakugeuka. Akajongea, akasimama bega kwa bega na kakake.

"Umesikia Mwalimu," akasema. "Toka kwangu."

Upepo ukawapita ukielekea nje. Harufu ikaisha.

Huu sasa ni mwaka wa tatu. Mwalimu hajagusa glasi. Kila Ijumaa husimama mbele ya wanafunzi na kuwasimulia kifo cha Kimeli bila kuficha neno, hata sehemu yake mwenyewe. Wazazi wengine hawapendi. Hajali.

Lakini kwa saruji ya mlango wa Brigid kuna nyayo mbili za mtu asiye na viatu, vidole vikielekea ndani. Ni za maji. Hazikauki, hata jua likiwaka vipi. Mwenye ploti alimwaga saruji mpya. Asubuhi yake zilikuwa pale, zimelowa. Juzi niligusa moja kwa kidole. Ilikuwa baridi kama barafu.

Mwalimu hazitazami. Huziruka na kwenda kazini.